Ubawa wa Jirani

Kwenye mazishi ya shemeji yangu Laban Mangeni, mtu mmoja alisimama kutoa wasifu wa marehemu, na ili watu wachangamke kidogo akasema kwamba Laban aliwahi kumla ndege wake mwenyewe, ndege mwenye pete ya serikali mguuni. Waombolezaji wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani kando ya dada yangu Dorcas, mjane wake, na damu ilinipanda kichwani. Laban hakumla ndege yule. Hakumchinja, wala hakumwonja. Niliyemchinja ni mimi, Benedeta, kwa kisu cha kukatia mboga, na kama nimenyamaza tangu mwaka 1968 ni kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeninyamazisha. Sasa amelala, na mimi sina tena wa kumtii.

Laban alizaliwa Lunyo, katika nyumba ya mtega ndege. Baba yake alikuwa akisokota nywele za mkia wa ng'ombe zikawa vitanzi, akavipanga matopeni ukingoni mwa ziwa, kule Majanji. Vitwitwi walipokuja kudonoa wadudu, miguu yao ilinaswa. Vitwitwi ni wale ndege wa matopeni wenye miguu mirefu na mdomo mwembamba, ambao huingia kwetu mwezi wa nane na wa tisa wakitoka kaskazini ya mbali, wakaondoka mwezi wa nne kwenda kutaga huko kwao. Watu wengine waliwatazama kwa kuwapenda. Sisi tuliwala. Mama yake Laban alikuwa akisema mwanawe alijua kusokota kitanzi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Mwaka 1962, miezi michache kabla ya Uhuru wa Uganda, kituo kidogo cha kuchunguza ndege kilifunguliwa Tororo, nyumba mbili za mabati tu chini ya ule mwamba mkubwa wa mjini. Walitafuta mtu anayejua kumkamata kitwitwi bila kumuumiza, wakaelekezwa Lunyo. Laban akapewa nyavu nyembamba zisizoonekana alfajiri, mkebe wa pete zenye namba, penseli na daftari. Kazi yenyewe ukiisikia unaweza kudhani ni mchezo. Anamkamata ndege, anamvisha pete, anaukunjua ubawa juu ya goti, kisha anaandika hali ya manyoya kumi makubwa ya kurukia, moja baada ya jingine. La zamani ni sifuri. La zamani likianguka na jipya likachomoza ni moja, na likiendelea kukua linapanda mpaka tano. Ndege aliyemaliza kubadilisha yote ana hamsini. Halafu anamrusha aende zake.

Nilimtania sana kwa kazi hiyo. Kwetu shemeji tunamwita mulamwa, na mulamwa hutaniwa.

"Mulamwa, wenzako wanahesabu ng'ombe, wewe unahesabu manyoya."

"Ng'ombe iko na mwenyewe wa kuhesabu," alinijibu. "Hii haina."

Alikuwa mtu wa maneno machache na mkaidi wa kutisha. Alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini namba zake zilisimama wima kwenye mistari, na hakuwahi kuandika asichokiona. Siku moja mvua ilimlowesha daftari na namba moja ikafutika, akaacha pengo pale, ingawa sote tulijua angeweza kukisia. Dada yangu alimwambia aandike chochote, nani atajua. Laban alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa aibe sadaka kanisani.

Kati ya ndege wote aliowavisha pete kulikuwa na mmoja aliyempenda. Pete yake iliishia na 417. Alimvisha mwaka 1964, na kila mwaka akamkamata tena palepale, kwenye kijito kimoja cha matope karibu na kisiki kilichooza. Alimwita Jirani. Alishikilia kwamba ni jike na ni mama wa watoto, na nilipomuuliza amejuaje, alisema anajua.

Sasa nieleze mwaka 1967, maana bila huo mengine hayataeleweka. Mimi nilikuwa nimeolewa upande wa Kenya, karibu na Funyula. Mwezi wa sita mwaka ule nilizika mtoto wangu wa siku tisa. Wakwe zangu hawakunisema kwa mdomo, lakini nyumba ilikuwa nzito, na nikarudi kwa mama mapema kuliko ilivyopaswa. Mama hakujua la kunifanyia. Akanishoneshea gauni jipya, la maua ya bluu. Mwezi wa tisa nikavuka kumtembelea Dorcas.

Nilimkuta Laban ana fikra nyingi. Ndege walikuwa wameingia mapema mno mwaka ule, hata mwezi wa saba haujaisha, na ilipofika katikati ya Septemba wengi walikuwa wamekwisha badilisha nusu ya manyoya. Tena wote walikuwa wakubwa. Wale wachanga, ambao kila mwaka huja nyuma ya wazazi wao, hawakuonekana hata mmoja. Jioni moja tumekaa kibarazani akapata jibu, akafurahi, na kwa furaha akaongea kuliko kawaida yake.

"Tazama dada yako," aliniambia. "Hii gauni yake tangu lini?"

"Tangu harusi ya Nashon," nilisema. Nashon ni kaka yetu, na harusi yake ilikuwa ya zamani.

"Eh. Mwenye kulea anakaa na kuukuu. Hana nafasi ya kuvaa mpya. Na hii ndege ni hivyo hivyo. Ile iko na watoto inakawia huko, inakuja hapa imechelewa, manyoya yote ya zamani. Lakini ile imepoteza watoto, itangoja nini kule? Inarudi mapema, inaanza kuvaa..."

Akanitazama, akaliona gauni langu jipya, akaishia hapo. Mimi niliinuka nikaingia ndani, nikalia mpaka nikaishiwa machozi. Nilimchukia kwa usiku mzima.

Asubuhi alinipakia kwenye baiskeli hadi Majanji. Alitoa ndege wavuni, akampima, akaandika ishirini na nne, kisha akaniwekea mkononi. Alikuwa Jirani. Moyo wake ulikuwa ukipiga kwenye kidole changu haraka mno. "Hii pia imepoteza," Laban alisema. "Rusha wewe." Nikamrusha. Tangu siku ile sikumchukia tena Laban, na sitaki mtu amcheke mbele yangu.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Ndege walichelewa. Mwezi wa nane ulipita matope yakiwa karibu matupu, na walipokuja, ilikuwa Septemba imeanza, manyoya yao yalikuwa ya zamani tupu. Laban akaandika alichokiona. Sifuri, sifuri, moja, sifuri. Ukurasa baada ya ukurasa.

Kule Tororo kulikuwa na karani aitwaye Etyang, ambaye kazi yake ilikuwa kunakili namba zile kwenye karatasi kubwa. Etyang akaweka mwaka jana na mwaka huu pamoja. Tarehe zilezile, mahali palepale, mtu yuleyule: mwaka jana ishirini na kitu, mwaka huu sifuri. Akaona maelezo ni rahisi. Huyu mtu wa Lunyo anakaa kwenye vilabu vya pombe Busia na kuandika apendavyo. Barua ikaja. Ilisema kwamba mkuu wa kituo, Bwana Emuron, atafika Ijumaa tarehe 27 Septemba kukagua. Laban akishindwa kuonyesha kwamba namba zake ni za kweli, madaftari yake yote saba yatatupwa na yeye ataachishwa kazi.

Dorcas alinitumia habari hizo kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki. Alikuwa na mimba ya kujifungua wakati wowote, na mchuuzi alisema Laban halali wala hali. Kuachishwa kazi lilikuwa jambo moja. Lakini kuitwa mwongo, yeye, na miaka saba ya kulala matopeni itupwe jalalani, hilo lilikuwa linamla.

Jibu la maneno alikuwa nalo: mwaka huu wamelea, ndiyo maana wamechelewa. Lakini maneno ya mtu wa darasa la nne yangemsaidia nini mbele ya mkuu wa kituo? Alihitaji kitu cha kushika mkononi. Alihitaji ndege mmoja aliyekwisha pimwa mwaka jana wiki ileile, ili mtu aone kwa macho yake kwamba mwili ni uleule na manyoya si yaleyale. Alimhitaji Jirani. Wiki nzima alitega kwenye kile kijito. Alhamisi tarehe 26 asubuhi akampata. Alama yake ilikuwa mbili tu.

Akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya. Hakumrusha. Alimfunga miguu kwa ganda laini la mgomba, mizunguko mingi ili asijiumize, akamleta nyumbani na kumfunika kwa tenga nyuma ya nyumba, na bakuli la maji. Alimwambia Dorcas peke yake, na Dorcas alikuwa amejifungua siku mbili kabla, yuko kitandani, homa imempanda.

Mimi niliwasili jioni ile. Nilikuwa nimevuka mto Sio kwa mtumbwi, sina karatasi yoyote, kama tulivyozoea kuvuka siku zote ingawa mwaka ule askari walikuwa wameanza kuuliza. Nilimkuta dada amelala, mtoto kifuani. Laban alikuwa kwa jirani yake Ojangole akiziba mpira wa baiskeli. Aliporudi tulisalimiana tu, akala vijiko viwili, akaingia ndani. Kabla hakujapambazuka alikuwa amekwisha ondoka kwenda Majanji kujaribu kukamata hata kitoto kimoja cha mwaka huu, maana barua ilisema mkaguzi angefika alasiri.

Mkaguzi alifika saa nne asubuhi. Nilisikia pikipiki, nikatoka na kibwebwe kiunoni. Alikuwa mtu mrefu wa Kiteso, ana miwani, shati lake la kaki limejaa vumbi la njia nzima.

"Mulembe," nilimsalimu kwa Kisamia, nikaongeza kwa Kiswahili, "karibu, mzee. Mwenyewe ametoka kidogo."

"Asante, mama. Mimi ni Emuron, natoka Tororo. Nitangoja yeye."

Nilimwekea kiti kivulini. Huyu ndiye aliyeshika maisha ya nyumba ile, na mimi ndiye mwanamke pekee aliyesimama kwa miguu yake pale. Mzazi wa siku tatu hagusi moto wa wageni kwetu. Nikaenda bandani kutafuta kuku. Banda lilikuwa tupu, ugonjwa wa kideri ulikuwa umepita Lunyo nzima mwezi ule ukafagia kila kitu chenye manyoya. Jikoni kulikuwa na dagaa wakavu. Nitampa dagaa mtu aliyetoka Tororo kuja kuamua kama shemeji yangu ni mwongo? Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaliona tenga.

Naomba mnisikilize hapa. Kwetu ndege aliyefungwa miguu kwa ganda la mgomba na kufunikwa tenga hana jina jingine ila kitoweo. Ndivyo tunavyowaweka tombo, ndivyo wanavyouzwa sokoni. Ndege wa kazi Laban aliwarusha palepale ziwani, sikuwahi kumwona akilaza hata mmoja nyumbani. Waliovunjika mbawa wavuni kabla ya kuvishwa pete aliwaleta, na tukawala. Pete sikuiona, ilikuwa ndani ya mizunguko ya ganda. Nilimshika, nikamgeuza uso pembeni, nikamchinja. Moyo wake ulipiga kwenye kidole changu, na bado sikumkumbuka.

Nilikata miguu yote miwili pamoja na kile kifungo, nikatupa jalalani. Ubawa mmoja nikatupa. Mwingine nikauchomeka kwenye nyasi za paa ukauke, maana ubawa ndio tunaopangusia unga kwenye jiwe la kusagia, na wa Dorcas ulikuwa umechakaa. Nyama niliipika kwa karanga na ugali wa wimbi. Bwana Emuron alinawa, akala, akasema ni siku nyingi hajala chakula kama kile. Nilifurahi. Nilijiona nimeokoa nyumba.

Laban alifika akisukuma baiskeli, nyavu zimelowa kwenye keria, hana kitoto hata kimoja. Alimkuta mgeni anasukutua. Wakasalimiana vizuri. Laban akasema, "Bwana mkubwa, ngoja nakuletea kitu ya kuona." Akazunguka nyuma ya nyumba, na mimi nikamfuata na sahani nikiwa bado natabasamu.

Tenga lilikuwa limepinduliwa, tupu.

"Benedeta," alisema. Hakuwahi kuniita jina. "Ndege iko wapi?"

Nikatazama sahani mkononi, mifupa midogo. Nikaiinua aione. Laban alikaa chini juu ya udongo, palepale, akashika kichwa. Nilitaka ardhi inimeze. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

Akainuka, akaenda mbele ya mgeni, akamwambia yote kama yalivyo: kwamba alikuwa na ndege wa kumwonyesha, namba fulani, aliyepimwa mwaka jana na mwaka huu, na kwamba ndege huyo ameliwa.

"Nani alikula?" Emuron aliuliza.

"Wewe, bwana."

Emuron aliondoa miwani, akairudisha. "Bwana Mangeni. Mimi nakuja kuona ushahidi, sasa unaniambia ushahidi iko kwa tumbo yangu. Unaona mimi mtoto?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaomba madaftari. Laban akayaleta yote saba yamefungwa kwa kitambaa, akamkabidhi kwa mikono miwili, na Emuron akaanza kuyafunga nyuma ya pikipiki.

Nikakumbuka ubawa. Nikaruka nikauchomoa paani, nikamnyooshea. Aliutazama bila kuushika.

"Hii ni ubawa ya ndege yoyote. Pete?"

Nikakimbilia jalalani. Maganda ya muhogo, majivu, manyoya madogo, ule ubawa mwingine. Kifungo cha miguu hakikuwapo. Nilichakura kwa mikono mpaka kucha zikauma. Pikipiki ilikuwa imeshapigwa teke mara ya kwanza. Ndipo nilipoona alama za miguu ya mbwa kwenye majivu, nikajua ni yule wa Ojangole, mbwa mwekundu mwizi ambaye tulimfukuza kila siku. Nilivuka ua wa miiba nikiwa nimeshika gauni. Nilimkuta chini ya ghala la Ojangole, amelala kifudifudi, anatafuna ganda la mgomba. Nilipotia mkono aling'ang'ania, nilipovuta aliniuma, na alama ninayo hadi leo chini ya kidole gumba. Sikuachia. Nilirudi na kile kifungo chenye mate na damu, nikakiweka juu ya tangi la pikipiki, mbele ya tumbo la yule mtu mkubwa.

Alizima injini. Akafungua ganda polepole. Mguu mmoja ulikuwa umetafunwa, mwingine ulikuwa mzima, na pete ilikuwepo imejaa tope. Akaikwangua kwa ukucha. Kabla hajatamka, Laban, aliyekuwa amesimama mbali akitazama chini, aliisema namba yote kutoka mwanzo mpaka 417. Emuron alisoma pete, kisha akamtazama yeye.

Akafungua daftari la 1967, akatafuta kwa kidole. Tarehe 25 Septemba, ishirini na nne. Akachukua ubawa, akaukunjua juu ya goti vilevile kama Laban anavyofanya, akahesabu manyoya. Tisa yalikuwa makuukuu, ncha zimechakaa kama ukingo wa nguo iliyofuliwa mno. La kumi, la ndani, lilikuwa changa, limekwisha chomoza na kukua kidogo, na mrija wake bado una damu. Alihesabu mara ya pili.

"Mbili," alisema.

"Mbili," Laban alisema. "Mwaka huu imelea. Watoto bado iko njiani, bwana. Watakuja."

Emuron alifungua kamba, akayashusha madaftari saba na kuyaweka juu ya kiti alichokuwa amekalia. Nilidhani mambo yamekwisha, nikaanza kulia kwa faraja.

Hayakuwa yamekwisha. "Sheria ya pete unajua," alimwambia Laban. "Ndege ya pete ikiuawa, naandika nani ameua. Mtu wa kituo, anarudisha nyavu mwaka mzima. Mtu wa nje, anaenda kwa polisi, Tororo." Akafungua daftari la mwaka ule, akamnyooshea penseli. "Jaza."

Mtu wa nje nilikuwa mimi. Mtu wa nje, tena wa upande wa pili wa mpaka, aliyevuka kwa mtumbwi bila karatasi. Nilifungua mdomo niseme, maana sikuwa mwoga kiasi hicho.

"Mulamwa," Laban alisema bila kugeuka, "mtoto analia. Ingia ndani."

Mtoto hakuwa analia. Sikuingia. Nilisimama nyuma yake nikamwona akiandika kwa zile namba zake zilizosimama wima. 417. Tarehe. Alama, mbili. Mwisho wake: ameliwa. Penseli ikasimama mbele ya nafasi ya mwisho. Yule mtu aliyeacha pengo la mvua badala ya kukisia, aliyekosa usingizi wiki nzima kwa sababu aliitwa mwongo, akaandika kwenye nafasi ya aliyemuua: Laban Mangeni.

Emuron alilisoma jina lile. Akanitazama mimi, kibwebwe changu kina manyoya madogo yamenata, mkono unachuruzika damu pale aliponiuma mbwa. Alikuwa ameniona nikipita na kisu. Alikuwa amekula kutoka mkononi mwangu. Na alikuwa ametoka Tororo kwa ajili ya jambo moja tu, kumkamata mtu huyu akiandika uongo.

"Ndivyo ilikuwa?" aliuliza.

"Ndivyo."

Alichukua penseli. Aliishika hivi, juu ya karatasi, mpaka nikadhani ataivunja. Kisha akaandika chini ya jina la Laban: Nimeshuhudia. Akatia sahihi, akafunga daftari, akaomba maji ya kunywa.

Nyavu ziliondoka siku ileile nyuma ya pikipiki, ubawa umefungwa ndani yake kwa karatasi. Madaftari yalibaki. Siku tisa baadaye wachanga waliingia Majanji, mamia kwa mamia, manyoya yao masafi, hawaogopi watu. Laban hakuwa na wavu wala ruhusa ya kushika hata mmoja. Alilala kifudifudi matopeni akawahesabu kwa macho, akapeleka hesabu Tororo kwa baiskeli. Etyang alishuka mwenyewe kuja kuona, akasimama ukingoni na viatu vyake vya ofisi, akarudi Tororo. Namba za miaka yote miwili zikakubaliwa. Laban alikaa mwaka mzima bila nyavu, akalima muhogo wa watu, na hakunikumbusha hata kwa jicho.

Kila nilipotaka kusema, alinikatiza. "Wewe ulishapoteza ya kutosha," aliniambia mara moja tu, na hatukulizungumza tena.

Baada ya mazishi nilipanda gari hadi Tororo. Kituo kipo bado, na kijana mmoja mpole alinitolea daftari la 1968 kutoka kabatini, na ule ubawa, mkavu, una kibandiko. Aliniambia kwamba katika madaftari yote ya marehemu hawajapata kosa hata moja. Nikauweka mkono wangu, wenye ile alama ya meno chini ya kidole gumba, kando ya jina la Laban kwenye ukurasa, nikamwomba penseli. Alisema madaftari ya zamani hayaandikwi tena.